Kutu Isifutwe

Miongoni mwa sanaa changa ambazo watu wazima huzidharau kwa sababu tu hufanywa kwa ncha ya kidole, iko moja istahiliyo sifa kuliko ipatayo, nayo ni ya kuitengeneza picha ya gari la kale iliyopigwa kwa simu. Nachukua mfano wa Peugeot 404, gari lililotoka Ufaransa mwaka 1960 kwa umbo lililobuniwa na Pininfarina wa Italia, na ambalo wazee wa Afrika Mashariki hawahitaji kutambulishwa kwalo, maana lilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili za katikati likiwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva wa Tanzania.

Simu, pamoja na uhodari wake wote, hulidhulumu gari la namna hii. Lenzi yake pana huvimbisha pua ya gari lililo karibu. Na programu iliyomo ndani, kwa pupa ya kutaka kila kitu kionekane, huinua vivuli vyote hata bati lililokunjwa kwa ustadi likawa bapa kama sinia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kurudisha kiza mahali pake: hushusha nuru chini ya mlango na nyuma ya tao la gurudumu, akauacha mwanga utambae juu ya boneti, na umbo likarejea. Ama bampa ing'aayo yataka hadhari, kwani palipoungua kwa weupe hapana kilichobaki cha kuokoa. Ndiyo sababu mpigaji mwenye busara huipunguzia picha mwanga tangu mwanzo.

Kisha huja kufuta, na hapo ndipo tabia ya mtu hudhihirika. Ndoo ya plastiki kando ya gurudumu, waya wa umeme uliokata anga, sura ya mpigaji mwenyewe ndani ya taa: hivi vililetwa na siku moja, na viondoke. Lakini kutu iliyoula ukingo wa mlango, rangi iliyopauka juu ya paa kwa jua la zaidi ya miaka hamsini, bonde la ajali iliyokwisha sahauliwa, ni mali ya gari. Na simu za leo, zikiamriwa kuvifuta, hubuni bati ambalo halijapata kuwapo. Kidole kiwezacho kufanya hayo kwa mpapaso mmoja, kisha kikajizuia, ndicho nikisifucho.

Sina mapenzi, vijana wanisamehe, na ule umanjano unaomwagwa juu ya picha ili ionekane ya zamani. Umanjano ule aghalabu ni ugonjwa wa karatasi na dawa zake, wala haukuwa rangi ya zama zenyewe. Gari jekundu la mwaka 1963 lilikuwa jekundu barabara, na mwenye shaka na atazame slaidi za Kodachrome, filamu iliyouzwa tangu 1935 hadi 2009, ambazo zikihifadhiwa gizani hudumu na rangi zake kwa miongo mingi.