Tui na Machicha

Kule Msimbati, kaskazini ya mlango wa Ruvuma, bibi yangu hakuwahi kuchuja tui kwa pupa. Alikuna nazi kwenye mbuzi, akaifikicha kwa maji ya vuguvugu, akaitia kifumbuni na kuikamua mpaka kasimile ikadondoka nzito. Machicha hakuyamwaga. Aliyabana viganjani, akayaonja, akaamua kama bado yana kitu.

Mikono ile hunijia kila nisomapo habari za watafiti wanaotafuta namna ya kuukinga moyo. Misuli ya moyo hairudi upesi: kwa mtu mzima, seli zinazozaliwa upya kwa mwaka hazizidi 1 katika 100. Mshipa ukiziba, zinazokufa zimekwenda. Na damu inaporudi, nayo huziumiza zilizosalia.

Zamani ilitumainiwa kwamba seli shina zikitiwa moyoni zitageuka misuli mipya. Nyingi zilikufa upesi, lakini moyo ukapata nafuu. Mwaka 2005 kundi la mtafiti Victor Dzau lilionyesha, kwa panya, kwamba hata majimaji yaliyotoka kwenye seli hizo, bila seli zenyewe, hupunguza madhara.

Hapo ukaanza ufundi wa kuchuja. Mwaka 2007 watafiti wa Singapore na Utrecht walikuza seli shina za binadamu, wakaziosha, wakaziosha tena, kisha wakaziacha siku tatu ndani ya maji ya virutubisho wanavyovijua kimoja kimoja, ili chochote cha ziada kiwe kimetoka kwenye seli tu. Wakayakusanya maji yale, wakayakoleza, wakawapa nguruwe waliozibwa mshipa wa moyo. Sehemu ya moyo iliyokufa ikapungua kwa asilimia 60.

Mwenye haraka angeishia hapo. Wao walirudi kwenye chujio, wakayapitisha maji yale. Ingekuwa rahisi kudhani dawa imo kwenye kilichopita, zile protini ndogondogo. Wakajaribu vyote, kilichopita na kilichokwama. Kilichopita hakikukinga kitu. Kinga ilikuwa kwenye kilichokwama juu.

Iliwachukua mpaka 2010 kukitaja: eksosomu, vifuko ambavyo upana wa kimoja ni kama sehemu 1 ya 10,000 ya milimita, vinavyobeba protini na ujumbe wa kijeni kutoka seli hadi seli. Baadaye ilionekana kwa panya kwamba vikifika moyoni, seli zilizoishiwa nguvu huipata tena, na ukali wa oksijeni inayorejea hupungua.

Huu bado ni utafiti, si tiba. Anayebanwa kifua leo Mtwara awahishwe hospitali, maana kila dakika seli zinakufa.

Lakini ninawaheshimu watu hawa kwa jambo ambalo nililiona kwanza jikoni. Bibi alikuwa tayari na tui lake, chungu kinamsubiri motoni, na bado alirudi kuyaonja machicha.