Geti la Satis House na Jiko la Joe: Nyumba, Mali na Upweke katika Riwaya ya Dickens

Katika semina zetu za fasihi kuna sentensi moja ambayo kila mtu anaijua, na mimi mwenyewe nimeiandika kwenye mtihani zaidi ya mara moja: nyumba ni kioo cha mhusika. Ukishaiandika unapata maksi zako, basi, mambo yamekwisha. Mhusika tajiri, jumba kubwa. Mhusika mpweke, jumba lenye giza. Mhusika mwema, kijumba safi chenye moto jikoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sentensi hiyo haitoshi. Nitatumia riwaya ya Charles Dickens, Great Expectations, iliyotoka sehemu kwa sehemu katika jarida lake mwenyewe kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Hoja yangu ni kwamba nyumba ya tajiri katika riwaya hii haimwonyeshi mwenyewe tu. Kazi yake kubwa zaidi ni kuzigeuza nyumba za wengine machoni pa wale wanaoishi ndani yake.

Kwa ambaye hajaisoma, kisa kwa ufupi ni hiki. Pip ni yatima anayelelewa na dada yake mkali na shemeji yake Joe, mhunzi, katika kijiji kilicho kando ya vinamasi huko Kent, Uingereza. Siku moja anaitwa kwenda kucheza kwa Bi Havisham, mwanamke tajiri anayeishi Satis House na msichana aliyemlea, Estella. Baadaye Pip anapata fedha kutoka kwa mfadhili asiyejulikana, anahamia London kuwa bwana, na anaamini kwamba mfadhili ni Bi Havisham. Kumbe ni Magwitch, mfungwa mtoro ambaye Pip alimpa chakula alipokuwa mtoto.

Hebu tuitazame Satis House. Ni jumba la matofali la zamani. Baadhi ya madirisha yamezibwa kwa ukuta, na ya chini yaliyobaki yana nondo zenye kutu. Pembeni kuna kiwanda cha pombe kilichokufa. Ndani mchana ni kama usiku, mishumaa ndiyo inayoangaza, na saa zote zimesimamishwa saa tatu kasoro dakika ishirini, wakati ule ule Bi Havisham alipopata barua ya kuachwa na bwana harusi. Bado amevaa gauni la harusi, limegeuka rangi ya manjano. Keki iko mezani, inaoza, imejaa buibui.

Hapo ndipo wengi wetu hukomea: upweke umeonyeshwa, mwandishi amefaulu. Lakini tuulize swali la mtu wa kawaida: nani anamudu kusimamisha saa? Joe akisimamisha saa yake siku mbili, jikoni hakuna chakula. Upweke wa Bi Havisham umelipiwa, na aliyelipa ni baba yake aliyeuza pombe. Watu nao hawakosi: siku yake ya kuzaliwa ndugu wanamiminika wakinusa urithi. Tena tazama nani anakuja na funguo kumfungulia Pip geti mara ya kwanza. Ni Estella, mtoto ambaye hakuachwa na bwana harusi yeyote, lakini ndiye aliyefungiwa ndani ya kidonda cha mtu mwingine na kufundishwa kuwatesa wanaume. Ni yeye pia anayemweleza Pip maana ya jina Satis: tosha. Waliolitoa walidhani mwenye nyumba hiyo hatatamani kitu kingine. Kejeli hiyo haihitaji ufafanuzi.

Sasa twende jikoni kwa Joe. Kabla ya kuona Satis House, Pip alikiamini chumba cha wageni cha nyumbani kwao kuwa cha fahari, na karakana ya Joe aliiona kama njia ya kuwa mwanamume anayejitegemea. Estella anacheka mikono yake migumu, viatu vyake na namna anavyotaja karata. Basi. Akirudi nyumbani, kila kitu kimekuwa duni. Hakuna tofali lililoondolewa, hakuna ukuta ulioanguka. Kilichobadilika ni jicho la kijana.

Siandiki haya kama mtu aliye nje. Nilipokuwa mwaka wa kwanza, mwenzangu wa chumbani alitaka tufuatane likizo hadi kwetu kijijini. Nilimwambia nyumba inakarabatiwa. Ulikuwa uongo. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili vina sakafu ya udongo, na mama hupikia uani, ambako jioni sote hukaa. Miaka yote niliyokulia pale sikujua kwamba sakafu yetu ina kasoro. Nilijua baada ya kukaa wiki mbili kwa jamaa yetu wa mjini mwenye vigae na geti. Hakuna aliyenicheka pale. Vigae vilitosha.

Kwa hiyo Joe anapokwenda London kumtembelea Pip, mimi husoma sura ile kwa shida. Kofia yake inaanguka kila anapoiweka. Mara anamwita Pip kwa jina, mara anamwita bwana. Pip anakiri kwamba kama fedha zingeweza kumzuia Joe asije, angezitoa. Anayeelewa vizuri ni Joe. Anatambua kwamba hapo si mahali pake, na kwamba Pip angemtazama karakanani, nyundo mkononi, asingeona hata nusu ya kasoro hizo.

Mtu atasema: basi Dickens anawasifu maskini tu. Sikubali. Jiko la Joe si pepo. Dada mtu ana fimbo yake, na Pip mwenyewe anasema nyumba ile haikuwa na raha kwa sababu ya hasira za dada. Joe ndiye aliyeifanya ipendeke.

Wala kujitenga peke yake si kosa. Tumtazame Wemmick, karani wa wakili Jaggers. Kule Walworth amejijengea kijumba cha mbao chenye madirisha mengi ya bandia, mfereji, ubao unaoinuliwa kama daraja la ngome, na mzinga unaopigwa saa tatu kila usiku ili baba yake kiziwi asikie na kufurahi. Naye amejifungia! Lakini daraja lake linamlinda mzee, na mgeni akija linateremshwa. Jaggers kwa upande wake ni tajiri, nyumba yake iko Soho, na hafungi mlango usiku kwa kuwa wezi wanamwogopa. Mlango uko wazi, lakini katika jumba zima anatumia vyumba vitatu tu. Basi ufunguo hautuambii kila kitu. Tuulize unamfungia nani.

Swali hilo linatufaa hata tukirudi kwenye riwaya zetu. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), nyumba ya Bwana Maksuudi ina mali pia, na ndani wamefungiwa mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Bi Havisham alijifungia mwenyewe. Tamima amefungiwa na mume. Lakini katika nyumba zote mbili anayelipa gharama ni binti, na fahari ya jumba inaonekana vizuri zaidi kwa aliye nje.

Dickens aliijua tamaa hii. Alipokuwa mdogo baba yake alimwonyesha jumba la Gad's Hill Place na kumwambia kwamba akifanya kazi kwa bidii huenda siku moja akaishi humo. Mwaka 1856 alilinunua. Hata hivyo, katika riwaya yake Satis House inauzwa ivunjwe, na mwishoni umebaki ukuta wa bustani. Jikoni kwa Joe moto bado unawaka, na kwenye kigoda cha Pip ameketi mtoto wa Joe na Biddy, naye anaitwa Pip.

Mwenzangu yule alimaliza chuo kabla sijamwalika. Hilo ni langu, si la Dickens. Lakini ndilo linalonifanya niombe kwamba semina ijayo tusiishie kuuliza nyumba inasema nini juu ya mwenyewe. Tuulize pia imeifanya nyumba ya nani ionekane kibanda.