Schnee Gavana na Schnee Theluji: Namna ya Kutambua Jina la Ukoo katika Maandishi ya Kijerumani

Katika Kijerumani kila nomino huanza kwa herufi kubwa, iwe ya mtu, ya mji au ya kijiko, na kwa sababu hiyo alama anayoitegemea msomaji wa Kiswahili bila hata kufikiri, kwamba neno lenye herufi kubwa katikati ya sentensi ni jina la mtu au la mahali, hapo haifai kitu. Tatizo hili humkabili kila anayesoma nyaraka za Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwani gavana wa mwisho wa koloni hilo, aliyeshika wadhifa mwaka 1912, aliitwa Heinrich Schnee, na Schnee ndilo neno la theluji, ambayo walioandika kuhusu Kilimanjaro hawakuweza kuacha kuitaja. Mmoja wa waliomtangulia, Gustav Adolf von Götzen, aliyetawala tangu 1901 hadi 1906, na ambaye meli ya Ziwa Tanganyika iitwayo leo Liemba ilibeba jina lake hapo awali, ana jina linaloandikwa sawasawa na nomino ya wingi yenye maana ya sanamu za kuabudiwa, neno la kawaida katika maandishi ya kidini.

Ushahidi wa kwanza hutafutwa katika kibainishi, yaani neno dogo kama der au die linaloitangulia nomino ili kuonyesha jinsia, idadi na uhusika wake. Nomino ihesabikayo katika umoja kwa kawaida haisimami bila neno la namna hiyo: mpishi wa msafara ni der Koch au ein Koch, ilhali Koch anayetajwa peke yake, akiwa mtenda wa sentensi, yaelekea ni Robert Koch, daktari aliyefika Afrika Mashariki kuchunguza magonjwa. Kanuni hii, hata hivyo, hulegea kwa Schnee, kwa kuwa theluji haihesabiki na huweza kutajwa bila kibainishi, na kiwakilishi er hakisaidii, maana theluji nayo katika Kijerumani ina jinsia ya kiume. Kinachobaki ni umilikishi: des Schnees, pamoja na kibainishi, ni «ya theluji», lakini Schnees Bericht, pasipo kibainishi na mbele ya kitu kinachomilikiwa, ni taarifa ya gavana.

Kwa Götzen mtego ni mkubwa zaidi, kwa sababu neno von, ambalo katika majina huonyesha asili ya kikabaila na ambalo wengi hulichukua kuwa thibitisho tosha, ni pia kihusishi cha kawaida chenye maana ya «ya» au «kuhusu», hata von Götzen ikaweza kumaanisha «kuhusu sanamu» bila kubadilika herufi hata moja. Pale Götzen inaposimama bila von kama mtenda wa sentensi, hukumu hutolewa na kitenzi, kwani sanamu hudai kitenzi cha wingi na gavana hudai cha umoja. Kitenzi kisiposaidia, cheo cha Graf, yaani kabaila wa daraja la juu, humaliza shaka. Katika hati za mkono hutokea msaada mwingine wa thamani kubwa: makarani wengi walioandika kwa mwandiko wa Kijerumani, uitwao Kurrent, waliyabadilishia majina ya watu mwandiko, wakayaandika kwa herufi za Kilatini.

Tahajia nayo ni shahidi, na pengine ndiye anayepuuzwa kuliko wote. Usajili wa raia ulioanza kutumika katika dola nzima ya Ujerumani tarehe 1 Januari 1876 uliyafunga majina ya ukoo katika maumbo yaliyoandikishwa, na mkutano wa tahajia wa Berlin wa mwaka 1901 ulipoondoa h katika maneno kama Thal, yaani bonde, ambalo sasa ni Tal, majina kama Rosenthal hayakuguswa. Vivyo hivyo mhunzi huandikwa Schmied, lakini ukoo wenye asili katika kazi hiyo mara nyingi huandikwa Schmidt au Schmitt.

Programu za kompyuta zilikumbana na ugumu huohuo. Katika shindano la kimataifa la mwaka 2003 la kutambua majina ya watu, mahali na taasisi, mfumo bora kati ya 16 ulipata alama 88.76 kwa Kiingereza na 72.41 tu kwa Kijerumani, kwa kipimo kinachounganisha usahihi wa majina yaliyochaguliwa na ukamilifu wa uchaguzi wenyewe. Matini ya Kijerumani yalikuwa ya gazeti la Frankfurter Rundschau. Herufi kubwa si sababu pekee ya pengo hilo, lakini ni mojawapo. Kwa hiyo anayeweka nyaraka za zamani katika kompyuta hana budi kutambua majina kwanza, ndipo aisasishe tahajia, kwani programu iliyoamriwa kugeuza kila Thal kuwa Tal kabla ya hatua hiyo humfutia mtafiti ushahidi ambao matini yenyewe yalikuwa yameuhifadhi.