Imani, Amana na Kumtegemea Mungu: Uhakiki wa Msamiati wa Kurithishana Ukristo katika Biblia za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika mahubiri na katika semina za malezi ya Kikristo Afrika Mashariki, kitenzi kinachosikika mara kwa mara ni kurithisha. Wazazi huhimizwa kuwarithisha watoto imani kama wanavyowarithisha shamba au nyumba. Sitiari hiyo imezoeleka kiasi kwamba hatuihoji tena. Makala haya yanaihoji kwa kuchunguza neno linaloibeba, yaani imani, katika tafsiri mbili za Biblia: ile ya Karl Roehl iliyokamilika mwaka 1937, na tafsiri ya muungano ya mwaka 1952, iliyokusudiwa kuunganisha mapokeo ya Unguja na ya Mombasa. Hoja yetu ni kwamba msamiati tuliourithi unatushawishi kuiona imani kama mali ya kukabidhiwa, ilhali maandiko yenyewe yanaihusisha na malezi na usimulizi.

2.0 Tafsiri Mbili, Picha Mbili

Roehl alikuwa Mjerumani aliyezifahamu lugha za bara. Sarufi yake ya Kishambala ilichapishwa mwaka 1911. Akisaidiwa na wenyeji, miongoni mwao Martin Ganisya, alikusudia kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu ili Biblia isomeke kwa urahisi na watu wa bara wasioishi na Kiswahili cha pwani. Pale tafsiri nyingine zinaposema imani, yeye mara nyingi husema kumtegemea Mungu. Tofauti hii si ya mtindo tu. Imani ni nomino: inaweza kuwa nayo mtu, ikapungua, ikalindwa, ikapotea. Kutegemea ni kitenzi, nacho hudai yambwa. Hakuna anayetegemea tu; lazima amtegemee fulani. Kwa uteuzi huo, Roehl anamzuia msomaji kuizungumzia imani bila kumtaja Mungu. Hilo ni fanikio kubwa la kisemantiki, nalo halijapewa uzito linaostahili katika uhakiki wetu wa tafsiri.

Hata hivyo, mradi wake ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, alilichukulia neno la Kiarabu kuwa geni wakati ambapo wasemaji walikuwa wamekwisha kulifanya lao. Pili, kuna kinaya katika uamuzi wake. Mzizi wa imani, wenye konsonanti tatu a-m-n, una ndugu yake katika Kiebrania. Ndio mzizi wa kitenzi kinachotumiwa katika Mwanzo 15:6 kueleza jinsi Abramu alivyomwamini Mungu, na ndio mzizi wa Amina inayofunga sala zetu. Kwa kuikwepa imani, Roehl aliliacha neno lililo karibu zaidi na kitenzi cha Abrahamu.

3.0 Ushindi wa Imani na Gharama Yake

Tafsiri ya mwaka 1952 ndiyo iliyoenea, na neno imani likaenea pamoja nayo. Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, unaonyesha matokeo yake. Mstari wa 5 unataja imani iliyokaa kwanza ndani ya nyanya yake Timotheo, Loisi, na mama yake, Eunike. Mstari wa 14 unamwagiza Timotheo ailinde amana. Katika Kigiriki, maneno haya mawili hayana mzizi mmoja. Katika Kiswahili, imani na amana ni ndugu, na sikio la msemaji huwasikia pamoja. Hivyo imani ya Loisi huanza kusikika kama kitu kilichowekwa akiba, ambacho mjukuu hukabidhiwa kikiwa kamili.

Picha ya amana ina ukweli wake, kwani humkumbusha mpokeaji kwamba alichonacho si chake peke yake. Tatizo huanza inapobaki peke yake. Amana hurudishwa kama ilivyopokewa. Anayeihoji huonekana mwizi. Urithi nao, kwa kawaida, hugawanywa mwenye mali akiwa ameaga dunia, ilhali Loisi na Eunike walimlea Timotheo wakiwa hai. Kijana mwenye maswali kuhusu Mungu hukuta kwamba lugha ya kanisani inampa nafasi mbili tu: mtunzaji au mpotezaji. Wengi huchagua kunyamaza.

4.0 Zaburi ya 78 na Kitenzi Kilichosahauliwa

Maandiko yanayonukuliwa zaidi katika mada hii ni pamoja na Zaburi ya 78, lakini aghalabu husomwa mistari yake minane ya kwanza tu, kati ya 72. Katika mistari hiyo mababa wanaagizwa kuwasimulia watoto matendo ya Mungu, nao watoto wawasimulie watoto wao, ili wamwekee Mungu tumaini lao. Mshairi anaiita kazi yake mithali na mafumbo. Mwanafasihi yeyote anajua kwamba fumbo halikabidhiwi. Hufumbuliwa na anayelisikia.

Mistari inayofuata ndiyo inayoachwa. Humo mna Waefraimu waliorudi nyuma siku ya vita, na taifa lililonung'unika jangwani hata baada ya kunyweshwa maji ya mwambani. Mstari wa 8 unasema waziwazi kwamba watoto wasiwe kama baba zao. Mantiki yake ni nzito: mtoto anayesimuliwa udhaifu wa wazee wake hujifunza kumtumaini Mungu badala ya kuwatumaini wazee. Mtoto anayesimuliwa ushujaa wao tu huwekewa tumaini mahali pasipofaa, na siku anapougundua udhaifu, vyote viwili huanguka pamoja.

5.0 Ushahidi wa Majirani

Lugha jirani zinathibitisha kwamba uteuzi wa neno si jambo dogo. Nchini Rwanda na Burundi, Waprotestanti huita imani kwizera au ukwizera, neno linalobeba pia maana ya kutumaini, ilhali Wakatoliki hutumia ukwemera, lenye wazo la kukubali. Katika Kiluganda, okukkiriza hubeba vilevile maana ya kukubali. Kila jamii imeshika upande mmoja wa jambo pana.

Ukanda huohuo unatupatia mfano wa usimulizi. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulivuka mipaka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Kiitikio chake cha Kiluganda, Tukutendereza Yesu, kiliimbwa na watu wasiojua Kiluganda. Utanzu wake mkuu ulikuwa ushuhuda: mtu husimama mbele ya wenzake, akakiri makosa yake na kueleza alivyosaidiwa. Uamsho huo ulikuwa na migogoro yake, ikiwemo ukali kwa wasiosema kama wao. Lakini kimuundo, ushuhuda uko karibu na Zaburi ya 78 kuliko hotuba ya kukabidhi urithi.

6.0 Hitimisho

Baadhi ya kamusi za Kiebrania huorodhesha chini ya mzizi a-m-n neno lingine: mlezi. Ndilo linalotumiwa katika Ruthu 4:16, Naomi anapompakata Obedi kifuani. Mwanamke huyo alikuwa amerudi Bethlehemu akilalamika wazi kwamba Mungu amemtendea uchungu. Hakumkabidhi mtoto hazina isiyo na doa. Alimpa kifua cha kuegemea. Hapo imani ya tafsiri ya 1952 na kutegemea kwa Roehl vinakutana.

Kwa waandaaji wa mitaala na vitabu vya elimu ya Kikristo, tunapendekeza mambo matatu. Maandiko haya yafundishwe kwa ukamilifu wake, pamoja na aibu za mababa. Istilahi za kutegemea, kutumaini na kusimulia zitumiwe sambamba na imani na kurithisha. Tena, pale ambapo somo la dini hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kama ilivyo katika sekondari za Kenya, mwanafunzi apewe nafasi ya kukusanya simulizi za wazee wake kwa lugha wanayosali nayo. Mtoto aliyeyasikia maneno ya imani katika mtihani pekee hajamsikia bado Loisi wake.