Mbachao na Msala Upitao: Insha juu ya Televisheni ya Waya na ya Intaneti

Methali mbili za wahenga wetu hazipatani. Moja yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone", nyingine yasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Ya kwanza hukaribisha kipya, ya pili huonya juu yake. Mwenye busara hazitupi zote mbili, wala hachagui moja kabla ya kulitazama jambo lenyewe. Hulipima kwanza, kisha hujua ni methali ipi iliyo haki yake. Jambo ninalotaka kulipima hapa ni dogo kwa umbo, lakini limeingia katika nyumba nyingi: je, yafaa mtu akate televisheni ya waya aliyoizoea, ashike ile iletwayo na intaneti?

Kwanza tujue mbachao wenyewe ni nini. Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Marekani, watu waliokaa mabondeni, kama wale wa milima ya Pennsylvania, hawakuweza kupata televisheni, kwa sababu milima ilizuia mawimbi. Wafanyabiashara wakasimamisha antena moja ndefu kileleni, wakateremsha waya mpaka nyumbani mwa watu, wakatoza ada. Waya ulikuwa dawa ya bonde. Mwaka 1972 stesheni ya HBO ilianza kuuza vipindi vyake kwa njia hiyo, na baadaye setilaiti zikaongeza stesheni hata zikafika mamia. Dawa ikageuka karamu, na karamu ikageuka deni. Mtu aliyependa stesheni kumi alilazimika kununua mia mbili. Alikodi kisanduku kila mwezi. Aghalabu alitia sahihi mkataba wa mwaka mmoja au miwili, na kuuvunja kulikuwa na faini.

Watu waliochoka hawakukosa mganga. Mwaka 2015 huduma iitwayo Sling TV ilitokea, ikauza stesheni chache kwa dola 20 kwa mwezi. Mwaka 2017 ikaja YouTube TV kwa dola 35. Hizi hazikuhitaji waya wao wenyewe, kisanduku wala mkataba. Mtu mwenye intaneti hulipa ada ya mwezi, hutia neno la siri, hutazama, akichoka, huacha. Huu ndio msala mpya, na ulitandikwa kwa maneno matamu.

Nilipata nafasi ya kuujaribu nilipokuwa mgeni wa ndugu yangu mkubwa, akaaye Minnesota pamoja na mkewe, watoto wawili, na mama yetu mzazi aliyevuka bahari kwenda kuwaona wajukuu. Ndugu yangu alitaka kukata waya. Nikamshauri asikate kwa hamaki. Aziweke zote mbili kwa mwezi mmoja, waya sebuleni na intaneti chumba cha pili, nasi tuwe mahakimu. Majina ya kampuni hizo mbili siyataji, maana nia yangu si kushitaki bali ni kupima. Tulipima mambo matano: bei, uhuru, wakati, wepesi na uaminifu.

Tuanze na bei. Waya ulimgharimu dola 128 kwa mwezi, na intaneti dola 60. Jumla dola 188. Huduma mpya ilidai dola 75. Ndugu yangu akapiga hesabu haraka, akaona ataokoa dola 53. Lakini intaneti ile ilitoka kwa kampuni ile ile ya waya, na bei yake ilikuwa imepunguzwa kwa sababu alinunua vyote viwili. Akiacha kimoja, cha pili kingepanda hadi dola 80. Basi akiba yake ilikuwa dola 33, wala si 53. Si haba, lakini ni funzo: aliyedhani amemtoroka mwenye waya alitoka kwa mlango wa mbele, akaingia kwa mlango wa nyuma. Tena bei ya msala haikai mahali pamoja. YouTube TV iliyoanza kwa dola 35 mwaka 2017 ilifika dola 50 mwaka 2019, dola 65 mwaka 2020, na Januari 2025 ilipanda hadi dola 83 kasoro senti moja. Mgeni aliyeingia kwa unyenyekevu sasa adai kiti cha mwenyeji.

Katika uhuru, huduma mpya ilishinda bila ubishi. Hakuna fundi wa kungojewa tangu asubuhi hata jioni. Hakuna faini ya kuondoka. Shemeji yangu aliweza kutazama habari jikoni kwa simu, na watoto walihifadhi vipindi vyao wakavitazama baada ya masomo. Mtu awezaye kuondoka wakati wowote husikilizwa kuliko mtu aliyefungwa; uhuru huo ni mali, hata kama hauandikwi katika hati ya malipo.

Katika wakati, ilishindwa vibaya. Jumamosi moja tulitazama mpira wa miguu katika chumba cha pili. Ghafula tukasikia jirani ng'ambo ya ukuta akipiga kelele za shangwe, na sisi tungali tukiuona mpira katikati ya uwanja. Mama akauliza, "Wanangu, mechi hii ni ya leo au ya jana?" Tukacheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Tulipolinganisha vyumba viwili kwa saa, intaneti ilichelewa nyuma ya waya kwa sekunde 35. Sababu yake si uvivu wa mtu. Picha hukatwa vipande vidogo vya sekunde chache chache, hubanwa ili vipite njiani, hupelekwa toka mtambo hata mtambo, na televisheni hungoja kukusanya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha cha kwanza, ili picha isikwame. Ni kama mpishi asiyepakua mpaka vyungu vitatu viwe tayari. Kwa tamthilia si kitu; kwa mchezo, ni kuhadithiwa jambo lililokwisha tokea.

Sasa nafika kwenye wepesi, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Mama yetu alikuwa amekariri namba za stesheni zake tatu: ya habari, ya mapishi ya asubuhi, na ya michezo ya kuigiza ya mchana. Alibonyeza namba, stesheni ikaja. Katika huduma mpya hapakuwa na namba; palikuwa na safu za picha zinazokimbia, na mara kwa mara swali la nani anatazama. Siku moja nilirudi mchana nikamkuta ameketi katika chumba cha pili mbele ya kioo cheusi, rimoti mapajani, mikono imetulia. Ndugu yangu alikuwa amehamishia kiti chake huko bila kuwaza. Nikamwuliza tangu lini. Akajibu, "Tangu mlipotoka. Niliogopa kuharibu." Saa tano nzima mama aliyelea watoto saba aliogopa kubonyeza kitufe.

Msomaji, jambo hilo halimo katika hesabu ya dola 33. Wasifu wa vitu vipya husema chombo ni rahisi, lakini hawasemi ni rahisi kwa nani. Kijana huona njia kumi pale mzee aonapo ukuta mmoja. Chombo kinachompa uhuru mwenye nyumba na kumnyang'anya mama yake hakijatoa uhuru; kimeuhamisha tu.

Limebaki suala la uaminifu. Stesheni hazimilikiwi na huduma hizi. Hukodishwa, na wenye mali wakigombana na wakodishaji, mtazamaji ndiye nyasi ziumiazo. Tarehe 30 Oktoba 2025 stesheni za Disney, pamoja na ESPN na ABC, zilitoweka katika YouTube TV, zikarudi tarehe 14 Novemba. Lakini tusimwonee mgeni. Mwaka 2023 kampuni ya waya ya Charter nayo iligombana na Disney, na wateja wake wakakosa stesheni hizo tangu tarehe 31 Agosti hata tarehe 11 Septemba. Kosa hili ni la wote wawili. Msala una kosa moja zaidi: waweza kupita kabisa. PlayStation Vue, iliyoanza mwaka 2015, ilifungwa Januari 2020, na waliokata waya kwa ajili yake wakaanza kutafuta upya.

Hukumu yetu ikawa hivi. Ndugu yangu alikata waya, akabaki na huduma mpya kwa mwezi mmoja mmoja, na ana haki ya kuiacha itakapozidi. Lakini kabla ya kukata, alinunua antena ndogo, akaiweka dirishani, akaiunga na televisheni ya mama. Huko Marekani stesheni za mahali bado hurushwa hewani bila malipo, na stesheni mbili kati ya tatu za mama zilipatikana kwa namba. Ya mapishi ilipotea, naye akasema hana haja ya kufundishwa kupika. Tena antena haikuchelewa kama intaneti. Jumamosi iliyofuata mechi ilikuwa katika stesheni ya mahali, na tulipokuwa tukiitazama katika chumba chetu, mama ndiye aliyeshangilia kwanza; nasi tukachukua viti vyetu tukahamia kwake.

Kwetu Kenya, tangu mitambo ya zamani ya analogi ilipozimwa mwaka 2015, kila nyumba imepaswa kuchagua: king'amuzi, dishi, au bando la intaneti. Wauzaji watakuja na bei ya mwezi wa kwanza midomoni. Usiwafukuze, maana mgeni huenda akaponya. Wala usitupe mbachao siku ile ile. Waulize bei ya mwaka wa tatu. Weka kipya kando ya cha zamani, uvipime kwa saa na kwa kalamu. Na mwisho, mpe rimoti mzee wa nyumba, utoke chumbani, urudi baada ya saa moja uone kama kioo kinang'aa au ni cheusi. Hapo utajua methali ipi ni yako.