Kemron Mezani kwa Mhakiki

Julai 1990, Rais Daniel arap Moi aliitangaza Kemron kuwa ushindi mkubwa wa watafiti wa Kenya dhidi ya UKIMWI. Ilikuwa interferoni alfa ya kumumunya, kwa dozi ndogo mno, iliyotafitiwa na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, jijini Nairobi chini ya mkurugenzi wake, Davy Koech. Mwezi huohuo East African Medical Journal ilitoa, katika toleo la nyongeza, makala ya Koech na Arthur Obel kuhusu ufanisi wake. Mwaka huohuo jarida la Molecular Biotherapy nalo lilichapa makala yao kuhusu wagonjwa 40. Tangazo na ushahidi vilitoka kwa mkupuo mmoja, na mtu wa tatu wa kuuliza maswali hakuachiwa nafasi.

Nairejea Kemron kwa ajili ya vijana wa hapa kwetu. Ukiteremka kutoka Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro nchini Tanzania, kuelekea mjini Moshi, hospitali ya KCMC haiko mbali, na Moshi hiyohiyo ina shule yake ya famasia. Wengi wanaosoma huko watatumiwa miswada na majarida waihakiki, bila malipo, na mara nyingi bila kufundishwa kazi hiyo.

Tuseme mswada wa Kemron uko mbele yako. Anza na dozi. Wagonjwa walipewa yuniti 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo 60 alipata yuniti 120. Wakati huo interferoni ya sindano waliyopewa wagonjwa wa saratani ilihesabiwa kwa mamilioni ya yuniti. Tena interferoni ni protini, na protini ikimezwa tumbo huimeng'enya. Watetezi wa dawa walisema inafanya kazi kupitia utando wa kinywa, ndiyo maana ilimumunywa. Hilo si jambo la kukataa papo hapo, ila mfamasia ana wajibu wa kuuliza ni kipimo gani kinalionyesha ndani ya mwili wa binadamu. Kama protini si eneo lake, amwandikie mhariri mstari mmoja kwamba sehemu hiyo itafutiwe msomaji mwingine. Kunyamaza na kuipitisha ni kosa la kimaadili, hata kama hakuna aliyedanganya.

Kisha kundi la kulinganisha, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu. Makala zilieleza kuwa dalili zilipungua, seli za kinga za CD4 ziliongezeka, na baadhi ya wagonjwa walipimwa tena wakaonekana hawana kingamwili za virusi. Lakini hapakuwa na kundi la wagonjwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mgonjwa wa UKIMWI wa mwaka 1990 aliyeingizwa kwenye utafiti alionwa na daktari mara kwa mara, akatibiwa fangasi za mdomoni na kuhara, akarudiwa na hamu ya kula. Hesabu ya CD4 yenyewe hupanda na kushuka kwa saa za siku na kwa maabara iliyopima. Bila kundi la pili, hakuna awezaye kusema nafuu ile ilitokana na Kemron. Na mtu aliyepoteza kingamwili ni habari nzito kiasi kwamba damu yake ya awali na ya sasa zingepaswa kupimwa pamoja, katika maabara nyingine, na mtu asiyejua ipi ni ipi.

Mhakiki haandiki “siamini”. Anaandika kinachokosekana, kwa nini kinahitajika, na ni sentensi gani ya hitimisho isiyoweza kusimama bila hicho. Mwandishi mwaminifu anaweza kuifanyia kazi barua ya namna hiyo.

Shirika la Afya Duniani lilipopeleka majaribio katika nchi kadhaa za Afrika, faida haikuonekana. Nchini Uganda, Elly Katabira na wenzake waligawa wagonjwa zaidi ya 500 kwa bahati nasibu, wengine wakapata interferoni na wengine kidonge tupu, bila mgonjwa wala daktari kujua. Jibu lilikuwa hilohilo. Makala yao kamili ilichapwa mwaka 1998. Kati ya tangazo na ukurasa huo ilipita miaka minane, na watu walitumia fedha na matumaini yao ya mwisho kwa dawa isiyowasaidia.

Mgongano wa masilahi nao ulikuwa wazi. Mkuu wa taasisi ndiye aliyekuwa mtafiti mkuu, na dawa ilibeba heshima ya taifa zima. Wazo la dozi ndogo lilitoka kwa Joseph Cummins wa Amarillo, Texas, aliyekuwa na kampuni yake ya biashara hiyo. Nchini Kenya ya wakati ule, mhakiki wa ndani angehitaji ujasiri mkubwa.

Kwetu shinikizo si la Ikulu, ila lipo. Wataalamu wa famasia Afrika Mashariki ni wachache. Ukificha jina la mwandishi, msomaji atamtambua kwa maabara yake, au kwa mmea alioutafiti. Huenda ni mwalimu wake, au wanatoka kijiji kimoja cha Uru na wanakutana kwenye misiba na ubarikio. Mwongozo wa wahakiki wa COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, unataka uhusiano kama huo utajwe kwa mhariri kabla ya kuupokea mswada. Mimi naongeza: kijana asiogope kutamka, “Huyu ni mwalimu wangu, sitaweza kumhukumu kwa haki.” Shikamoo yake inabaki palepale. Na mswada ni siri: haupelekwi kwa rafiki, haupakiwi kwenye programu za akili unde, na wazo lake haligeuzwi kuwa andiko lako la kuomba ruzuku.

Udhaifu wa uhakiki si wa kwetu pekee. Mei 22, 2020, The Lancet ilichapa makala kuhusu haidroksiklorokwini kwa wagonjwa 96,032 wa UVIKO-19, kwa takwimu za kampuni ya Surgisphere. Wanasayansi walioisoma walishangaa kuona idadi kubwa kiasi kile ya wagonjwa wa Afrika wenye kumbukumbu kamili za kielektroniki. Anayejua mafaili ya karatasi ya hospitali zetu angeshtuka mara moja. Juni 4 makala iliondolewa, kwa kuwa takwimu ghafi hazikuweza kukaguliwa. Baadaye The Lancet ikataka zaidi ya mwandishi mmoja athibitishe kuwa ameziona na kuzihakiki takwimu. Sharti hilo halihitaji fedha wala mitambo. Jarida lolote la famasia la ukanda huu linaweza kuliweka kwenye fomu yake ya kupokea miswada, na mhakiki asipoona sahihi hizo, aurudishe mswada kwa mhariri kabla hajasoma hata jedwali la kwanza.