Nywele: Neno Moja, Hukumu Nyingi

Muhula uliopita niliwasomea wenzangu wa semina shairi langu la mapenzi. Nilipofika ubeti wa kumsifu binti kwa "nywele za singa", dada mmoja akanikatiza: "Na sisi wa kipilipili tukae wapi?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili hakitii nywele zote kapu moja. Za kidevuni ni ndevu, za machoni ni kope, zilizogeuka nyeupe ni mvi, na zile laini za mwilini huitwa malaika, sawasawa na viumbe wa mbinguni. Lakini hizo ni maana za kamusi tu. Mhakiki akiishia hapo, kazi hajaifanya.

Methali zinakwenda mbali zaidi. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake": hapa nywele ni mali ya kila kichwa, wala hazipangwi kwa daraja. "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji": neno lenyewe halikutajwa, ila tunaambiwa wembe haubagui, kila mtu ana zamu yake. Kwa methali, basi, nywele ni usawa.

Ukiingia kwenye maneno ya sifa, usawa huo unavunjika. Singa ni nywele ndefu, laini, zilizonyooka. Kipilipili ni fupi zilizojisokota, zikafananishwa na punje za pilipili. Eti yote mawili ni maelezo tu! Mbona basi la kwanza huingia katika shairi na la pili katika matani?

Okot p'Bitek aliliona jambo hili katika Song of Lawino (1966), kazi ambayo Paul Sozigwa aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1975. Lawino anawacheka wanawake wanaochoma nywele kwa chuma cha moto ili wafanane na Wazungu. Hasemi kwamba nywele za Mzungu ni mbaya. Anasema kila nywele ina uzuri wake na mapambo yake. Kwa maneno mengine, Lawino anasimama pamoja na methali yetu ya kwanza.

Wapo watakaosema mshairi ana hiari ya kumsifu ampendaye apendavyo. Nakubali. Lakini sifa iliyorithiwa bila kuhojiwa si hiari, ni mazoea. Ubeti wangu nimeufuta. Kusema kweli, binti yule hakuwahi kuwa na singa. Nilimvisha mimi.